Mengineyo: Jinsi Habari za Serikali Zilivyofika Hamugembe

Mkutano wa mtaa hauanzi saa iliyoandikwa kwenye tangazo. Huanza watu wakitosha. Hamugembe, kama kwingineko katika Manispaa ya Bukoba, mabenchi ya shule hutolewa nje, viti vya plastiki huazimwa kwa jirani, wazee huwahi kivuli, na vijana wa bodaboda hukaa pembeni juu ya pikipiki zao, sikio moja kwenye mkutano na jingine barabarani kwa abiria. Mwenyekiti hufungua. Mtendaji husoma ajenda: muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, taarifa kutoka kata, mengineyo, kufunga.

Katika ajenda za mwanzo watu husikiliza kwa adabu. Ikifika mengineyo, mikono hupanda. Hapo ndipo mtaro ulioziba hutajwa, na taka zilizolala wiki nzima, na mchango uliotolewa mwaka jana ambao risiti yake haijaonekana, na bomba linalotoa maji usiku wa manane tu. Taarifa ya serikali husomwa ndani ya dakika kumi. Mengineyo huweza kula jioni yote.

Anayetaka kujua historia ya habari za serikali katika kona hii ya Ziwa Victoria afuatilie ajenda hiyo ya mwisho. Vyombo vimebadilika mara nyingi: ngoma, barua, gazeti, redio, kipaza sauti, simu. Swali limebaki lile lile: je, habari ikishateremka kutoka juu, mwananchi ana njia ya kuirudisha na neno lake juu yake?

Hamugembe ni kata moja kati ya 14 za manispaa. Ni mji wenye migomba: nyumba za bati zimesogeleana, na katikati yake bado kuna vibanja, yaani mashamba ya migomba, vilivyorithiwa toka kwa mababu. Kabla ya kuwapo mji wowote, ardhi hii ya pwani ilikuwa chini ya Kyamtwara, ufalme mmoja kati ya falme za Buhaya, jirani na Kiziba, Kianja, Ihangiro na nyinginezo. Huko utawala wenyewe uliitwa kwa jina la ala. Mtu aliyetawazwa alisemwa amekula ngoma. Ngoma ililia kikale, yaani makao ya Mukama (mfalme), mwezi ulipoandama na Mukama alipotoka, na aliyeisikia alijua kuna jambo hata kama hakujua ni jambo gani. Maelezo aliyaleta mtu: mukungu, mkuu wa kijiji, aliyejua kila kibanja na mwenye nacho, nani amefiwa, nani anagombana na nani juu ya mpaka wa mgomba.

Mukungu alipofika, hakuanza na amri. Mgeni Buhaya hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna: punje za robusta zilizochemshwa pamoja na majani ya kunukia, zikaanikwa hadi zikawa ngumu, zikatunzwa katika kichombo kidogo kilichosukwa. Mwenyeji hufunua, mgeni huchukua punje mbili tatu, hutafuna polepole. Salamu huenda na kurudi, habari za watoto, za mvua, za ndizi. Ndipo neno la Mukama hutolewa. Desturi hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko ukarimu peke yake. Aliyekula kahawa ya mtu alilazimika kuketi na kusikia jibu lake.

Isidhaniwe kwamba ulikuwa utawala wa usawa. Watu wengi waliishi kwenye nyarubanja, ardhi kubwa za Mukama na wakubwa, wakitoa sehemu ya mazao na kazi ya mikono ili wasiondolewe kwenye migomba waliyoitunza wao wenyewe. Mukungu aliyeleta habari ndiye pia aliyehesabu kinachodaiwa. Hata hivyo alikuwa na uso, na mlango wake ulijulikana.

Mwaka 1890 Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, alianzisha kituo cha Bukoba ufukweni. Wajerumani waliwaacha wafalme mahali pao, wakatawala kupitia kwao, na mji ukapata ngome, soko na bandari. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ulikuwa pia na kituo cha simu ya upepo. Hiki kilikuwa chombo cha habari cha mitambo, na hakikuwa cha wakazi. Ujumbe ulipita juu ya vichwa vyao. Kwa ajili ya mnara wa kituo hicho Waingereza walipakia askari Kisumu, wakavuka ziwa, na tarehe 22 na 23 Juni 1915 wakapigana Bukoba, wakaingia mjini, wakauangusha mnara, na mji ukaporwa. Wakazi walilipa gharama ya chombo ambacho hakijawahi kuwaambia neno lolote.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika, Gavana Donald Cameron alileta sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926. Chini yake Mukama akawa mtumishi mwenye mshahara, akiwa na hazina, mahakama na makarani. Amri zikaanza kuandikwa. Baraza likawa mahali pa kusomewa: kodi ni kiasi gani, barabara ipi isafishwe, mibuni ipaliliwe vipi. Kwa kawaida siku hiyo haikuwa na mengineyo.

Ila Bukoba haikuwa mji wa kusomewa tu. Shule za misheni zilikuwa zimezaa makarani, walimu na wafanyabiashara, na fedha za kahawa zilikuwa zimeanza kuzunguka. Mwaka 1924 watu kama Klemens Kiiza na Suedi Kagasheki walianzisha Bukoba Bahaya Union. Mmoja Mkristo, mwingine Mwislamu, na chama kimoja. Jambo hilo linastahili kukumbukwa katika mji ambao makanisa na misikiti yake inatazamana. Chombo chao kilikuwa barua. Mtu aliyejifunza kuandika ili amtumikie mkoloni alikaa usiku kwenye taa ya mafuta akamwandikia mkoloni huyo huyo malalamiko. Mengineyo yalikuwa yamepata karatasi.

Pale ambapo karatasi haikusikilizwa, watu walitumia miguu. Mwaka 1937 serikali ilitoa kanuni za kilimo cha kahawa zilizoeleza jinsi mkulima anavyopaswa kutunza mibuni yake, na anayekaidi aadhibiwe. Nia iliyotajwa ilikuwa ubora wa zao. Wakulima waliona kitu kingine: mtu asiye na kibanja anaingia kwenye kibanja cha baba yao kuwafundisha kwa fimbo. Mikutano ikageuka ghasia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mambo yalijirudia, safari hii kwa sababu ya fukusi wa migomba. Fukusi ni mdudu wa kweli na hasara yake ni ya kweli, lakini amri ya kukagua na kusafisha mashamba ilikuja kama amri, bila kahawa ya kutafuna. Upande wa Kamachumu, ambako leo ni Wilaya ya Muleba, Ali Migeyo wa Tanganyika African Association alisimama mbele ya mikutano mikubwa kuipinga, na akafungwa. Kanuni ya mdudu ilikiandalia chama cha uhuru, TANU, wasikilizaji.

Miaka hiyo hiyo Bukoba ilikuwa na gazeti la Kihaya lililoitwa Bukya na Gandi. Tafsiri yake ya haraka ni kwamba kunakucha na mengine: kila alfajiri na habari zake. Jina zuri kwa gazeti la mji mdogo. Magazeti ya namna hiyo yalikuwapo pia kwingine Tanganyika, kama Komkya la Wachaga kule Moshi, na kazi yake kubwa ilikuwa mambo ambayo magazeti ya Dar es Salaam yasingeyagusa: kikao cha baraza, daraja, shule, bei. Nakala moja ilisomwa na wengi. Aliyejua kusoma alisoma kwa sauti, waliobaki walisahihisha.

Bei ndiyo iliyokuwa habari ya habari. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Bukoba kiliundwa mwaka 1950, na vyama vya msingi vikasambaa vijijini. Ghala la chama likawa mahali ambapo mkulima aliyeleta gunia lake alijua kahawa inanunuliwa kwa kiasi gani, malipo ya pili yatatoka lini, na nani anagombea kamati. Wazee wengi wa Kagera walijifunza kuuliza maswali ya mapato na matumizi kwenye mizani ya ushirika kabla hawajayauliza kwenye halmashauri. Yule mzee anayesimama leo kwenye mkutano wa mtaa na kutaka kuona risiti hakuzuka hivi hivi.

Uhuru ulipokuja, mambo yalibadilika kwa kasi. Mwaka 1963 sheria za machifu zilifutwa, na ngoma za Buhaya zikabaki za kumbukumbu. Mwaka 1965 ilipitishwa sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja. Nafasi ya mukungu, mtu anayejua milango, ilichukuliwa na mjumbe wa nyumba kumi, ambaye wengi humwita balozi. Huyu hakuwa na kikale wala ngoma. Alikuwa na daftari. Aliandika mgeni aliyelala, alisuluhisha mume na mke, aliitisha kazi za kujitolea, alisoma waraka wa chama. Ukitaka barua ya kwenda popote, ulianzia kwake. Alikuwa sikio la chama ndani ya nyumba yako, na hilo liliwaogopesha baadhi. Alikuwa pia jirani aliyebeba jeneza la baba yako. Sifa zote mbili ni za kweli, na ni vigumu kuitenga moja na nyingine.

Kisha kukaja kipindi cha ukimya. Katika mpango wa madaraka mikoani wa mwaka 1972, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za miji zikafuata mwaka uliofuata. Jina la mpango lilisema madaraka yanasogezwa karibu. Kwa mkazi wa Bukoba, diwani aliyemjua alitoweka na mahali pake akakaa ofisa aliyepangwa kutoka mbali. Habari za kuteremka ziliongezeka. Redio Tanzania ilikuwa na kampeni kubwa za kujifunza kwa vikundi, Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975, watu wakikusanyika kuzunguka redio moja na kujadili choo, maji na lishe. Mwaka 1974 lilianza gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya mikoa ya ziwa, likichapishwa Mwanza kwa msaada wa UNESCO, na likisomwa na watu waliojifunza herufi ukubwani. Ni kazi nzuri isiyopaswa kusahaulika. Pengo lilikuwa kwenye ngazi ya mji wenyewe: mitaro, takataka, soko. Miji nchini ilichakaa kiasi kwamba serikali iliona haja ya kurudisha halmashauri za miji mwaka 1978.

Mwaka huo huo, Oktoba, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kufika Kyaka. Habari za Bukoba zikawa mvumo wa ndege na maneno ya wakimbizi waliofika na magodoro kichwani. Redio ilisema moja, barabara ikasema jingine, na familia nyingi ziliondoka mjini bila kusubiri tangazo. Vita ilipokwisha, mwaka 1979, Mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina jipya, Kagera, la mto uliokuwa uwanja wa mapigano.

Mtu hawezi kuzungumzia habari katika mkoa huu akaruka mwaka 1983. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Ugonjwa ulikuwa na jina la mtaani kabla haujawa na jina la kitaalamu: watu waliuita Juliana, kwa nguo iliyokuwa ikivuka mpaka na wafanyabiashara wa magendo. Jina hilo lilikuwa kosa la kitabibu, ila lilikuwa na ramani ndani yake. Liliona njia za biashara, mpaka, vijana wenye fedha za haraka. Wananchi walikuwa wameshatoa taarifa yao. Waliokuwa na ofisi walichelewa kuisoma, na wakati huo migomba ilikuwa ikikosa wa kuipalilia, watoto wakilelewa na bibi.

Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zilirudisha halmashauri kamili, zikaanza kazi mwaka 1984. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, uongozi wa mtaa ukawa wa kugombewa na vyama vyote, kuanzia uchaguzi wa mwaka 1994, na balozi akabaki wa chama chake. Hapo ndipo mkutano wa mtaa wa leo ulipozaliwa, pamoja na ubao wa matangazo nje ya ofisi ya kata, ambapo halmashauri hutakiwa kubandika mapato na matumizi. Karatasi hizo hupauka kwa jua, mvua ya ziwa huzikunja pembe. Lakini zipo, na kuna watu wanaozisoma wamesimama, kidole kwenye mstari.

Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imeondoka hapa usiku, ilizama karibu na Mwanza. Zaidi ya watu 800 walikufa. Meli ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake, na orodha ya abiria haikutosha majina ya waliopanda. Hivyo familia za Bukoba hazikuwa na karatasi ya kutegemea. Walitegemea kumbukumbu za waliowasindikiza wenzao bandarini: nilimwona, alipanda, alikuwa na kitenge cha bluu. Mji mzima ulifanya kazi ya karani mmoja.

Redio za karibu zilianza kuja miaka hiyo: Radio Kwizera kule Ngara tangu mwaka 1995, ikianza na wakimbizi wa Rwanda na Burundi, FADECO kule Karagwe, Kasibante FM hapa Bukoba. Kwa mara ya kwanza mkazi wa Hamugembe aliweza kusikia jina la mtaa wake likitajwa hewani na mtu anayejua ulipo. Matangazo ya vifo, ratiba ya umeme, chanjo ya watoto, mbuzi aliyepotea. Waliozoea redio ya taifa huyaona madogo. Aliyefiwa na ndugu Muleba na akawahi mazishi kwa sababu ya tangazo la jioni hayaoni madogo.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, ardhi ilitikisika. Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 5.9, kitovu chake kikiwa eneo la Nsunga, Missenyi. Zaidi ya watu 15 walipoteza maisha Kagera, mamia walijeruhiwa, nyumba kwa maelfu zilianguka au kupata nyufa. Hamugembe iliumia sana. Kuta za matofali zilizojengwa kwa akiba ya miaka zilikaa chini kwa sekunde chache, bati zikabaki zimeegemea vifusi. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata masomo yakasimama. Kesho yake miili ya marehemu iliagwa Uwanja wa Kaitaba, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiwapo.

Dakika za mwanzo hazikuwa na tangazo lolote. Zilikuwa na majirani. Aliyejua kwamba kwa fulani kuna bibi asiyetoka kitandani ndiye aliyekimbilia chumba kile. Aliyejua kwamba watoto wa nyumba ya pili hulala mchana ndiye aliyeanza kuchimbua upande ule. Ujuzi wa mukungu na wa mjumbe wa nyumba kumi, ule wa kujua milango, ulikuwa haujafa. Ulikuwa umegawanyika ndani ya watu wa kawaida.

Usiku huo na siku zilizofuata watu walilala nje, chini ya migomba na maturubai. Ujumbe wa simu ulizunguka kwamba linakuja jingine kubwa zaidi, na kila mtikisiko mdogo uliupa nguvu. Wataalamu wa jiolojia walipita kueleza kwamba hakuna kifaa cha kutabiri saa ya tetemeko. Kisha zikaja orodha. Kila mtaa ulitakiwa kuandika kaya: nyumba iliyoanguka, iliyopasuka, mwenye nyumba, mpangaji. Mabati, saruji na mablanketi vilifuata majina hayo. Mpangaji aliyekuwa amehamia mwezi uliopita, na hakujulikana kwa mwenyekiti, alikuwa na hatari ya kukosa hata blanketi. Mjane ambaye kibanja chake bado kilikuwa kwa jina la marehemu alihitaji jirani wa kumtolea maelezo. Mikutano ya mitaa ya msimu huo ilikuwa na ajenda moja tu rasmi, na mengineyo yake yalikuwa marefu kuliko yote: kwa nini jina langu halimo?

Siku hizi tangazo la Hamugembe husafiri kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja. Kundi la simu la mtaa hulipata kwanza, kati ya picha za maua za asubuhi njema na taarifa za misiba. Gari lenye kipaza sauti, au bajaji, hupita likisema maji yatakatika, au chanjo imefika, au uandikishaji wa wapiga kura umeanza, kama ilivyokuwa kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024. Maneno huingia dirishani nusunusu, kwa sababu gari haliwezi kusimama kila mlango. Mtoto hutumwa kulikimbilia kuuliza limesema nini.

Na karatasi bado hubandikwa. Imeandikwa kwa kalamu nene, ina muhuri wa ofisi, imebanwa kwenye nguzo ya duka kwa misumari miwili. Mama aliyekuja kununua chumvi humwomba muuzaji amsomee. Muuzaji huinama juu ya meza, husoma tarehe, husoma mahali, husoma ajenda moja moja. Akifika mwisho, mama huuliza kama mengineyo yamo. Yamo, ya tano. Basi hufunga chumvi yake kwenye pembe ya kanga na kusema atakuja.